Mtaalamu wa Sera za Kaya Maskini: Kazi Yenyewe, Maandalizi na Njia za Kuifikia

Mtaalamu wa sera za kaya zenye kipato cha chini ni mtu anayeisaidia serikali, bunge au shirika kuamua nani asaidiwe, kwa kiasi gani, kwa fedha za nani na kwa utaratibu upi. Yeye mwenyewe hagawi msaada. Afisa ustawi wa jamii hukaa na familia moja na kuitafutia ufumbuzi. Mtaalamu wa sera hukaa na kanuni itakayozigusa familia laki kadhaa kwa mpigo. Ndiyo maana kosa lake dogo huwa kubwa. Likiandikwa sharti kwamba mlengwa aje na kitambulisho ambacho wazee wengi wa kijijini hawana, wazee hao watakosa fedha hata kama bajeti ilitengwa na kila mkubwa aliweka saini. Sera ya kaya maskini hufaulu au hukwama katika mambo ya aina hiyo: siku ya malipo, umbali wa kituo, orodha ya majina, karatasi inayotakiwa. Anayeitaka kazi hii ajiandae kuyapenda mambo madogo.

Wengi huifikiria kazi hii kuwa ni ruzuku za fedha tu. Ruzuku ni sehemu mojawapo. Kila kanuni inayogusa mfuko wa kaya imo: ada za shule, bima ya afya, bei ya maji, ushuru wa soko, kima cha chini cha mshahara, mikopo ya halmashauri. Tanzania ilipofuta ada kuanzia Januari 2016, tangu elimu ya awali hadi kidato cha nne, watoto walifurika madarasani mwaka uleule. Kwa mtaalamu wa sera, kazi ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Sare, madaftari, nauli na chakula cha mchana viliendelea kuwa juu ya mzazi. Ni kipi kati ya hivyo kinachomrudisha mtoto nyumbani akiwa kidato cha pili? Asiyeuliza swali hilo ataishia kuandika kwamba elimu ni bure, na andiko lake halitamsaidia mzazi yeyote.

Fani yenyewe ina zaidi ya miaka mia moja, na historia yake inafaa kusomwa mapema kwa sababu inaonyesha nguvu ya kipimo. Mwaka 1899 Seebohm Rowntree, mtoto wa mwenye kiwanda cha chokoleti katika mji wa York, Uingereza, alifanya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofikia familia 11,560. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1901 yalionyesha kwamba zaidi ya robo ya wakazi wa mji waliishi katika umaskini. Zaidi ya nusu ya watu waliokuwa katika dhiki kubwa kabisa walitoka kwenye nyumba ambazo kichwa cha familia alikuwa kazini siku zote, ila mshahara haukutosha. Hadi wakati huo wakubwa wengi waliamini kwamba maskini ni mvivu au mlevi. Hesabu iliyofanywa kwa uangalifu iliwaondolea hoja hiyo.

Mollie Orshansky, aliyezaliwa New York mwaka 1915 katika familia ya wahamiaji walioishi kwa kubana, alikuwa mtumishi wa idara ya hifadhi ya jamii ya Marekani alipotunga kipimo cha umaskini kati ya mwaka 1963 na 1965. Alichukua gharama ya mlo wa bei ya chini kabisa na kuizidisha mara tatu, kwa kuwa uchunguzi wa miaka ile ulionyesha familia hutumia takriban theluthi ya kipato kwa chakula. Kipimo hicho, kikiongezwa kwa kadiri ya mfumuko wa bei, bado ndicho msingi wa takwimu rasmi za umaskini nchini humo, ingawa chakula leo kinachukua sehemu ndogo zaidi ya bajeti na kodi za nyumba na matibabu vimepaa. Kipimo kikishaingia serikalini hakitoki kirahisi. Anayekitunga akitunge kwa makini kama mtu anayejua kwamba wajukuu watakikuta.

Mfano wa tatu unatoka Mexico. Mwaka 1997 serikali, chini ya uongozi wa mchumi Santiago Levy katika wizara ya fedha, ilianzisha mpango wa PROGRESA wa kuzipa familia maskini za vijijini fedha kwa masharti ya watoto kwenda shule na kliniki. Kwa kuwa fedha hazikutosha kufika kila mahali kwa mara moja, vijiji vya kuanza na vya kusubiri vilichaguliwa kwa bahati nasibu, na tofauti kati yake ikapimwa. Serikali ilipobadilika mwaka 2000, mpango haukufutwa. Ulibadilishwa jina na kupanuliwa, ukadumu hadi mwaka 2019. Tathmini iliyopangwa tangu siku ya kwanza ni kinga nzuri ya mpango dhidi ya upepo wa siasa, na mtaalamu anayeanza tathmini mwaka wa tatu amechelewa.

Afrika Mashariki ina uzoefu wake, na kijana wa hapa anapaswa kuujua vizuri kabla ya kukimbilia mifano ya mbali. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, TASAF, ulianza mwaka 2000 kwa miradi ya vijiji kama madarasa na visima. Mwaka 2010 ulianza majaribio ya ruzuku za masharti katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha: vijiji 40 vilianza na vingine 40 vikasubiri. Kaya zilizopata ruzuku zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, zikafuga zaidi, na watoto wao wakavaa viatu zaidi. Ziara za zahanati ziliongezeka mwanzoni, kisha zikapungua. Takwimu kama hiyo ni mtihani kwa msomaji: je, watu wamekata tamaa na zahanati, au wanaugua mara chache zaidi? Watafiti waliona dalili za afya kuimarika, hasa kwa watoto wadogo. Namba ileile ingeweza kutumiwa na mtu mwenye haraka kuuzika mpango.

Kutokana na majaribio hayo, mwaka 2012 ulizinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao ndani ya miaka michache ulifikia zaidi ya kaya milioni 1, na awamu yake ya pili ikazinduliwa mwaka 2020. Katika awamu ya kwanza, mlengwa wa ajira za muda alilipwa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku 60 kwa mwaka, katika kipindi cha hari ambapo ghala ni tupu na mavuno bado. Kiwango hicho kiliwekwa chini kwa makusudi, ili mwenye kibarua kinacholipa zaidi asiache kazi yake kuja kupanga foleni. Uamuzi huo una mantiki, na una gharama. Mama mwenye mtoto mchanga na mzee wa miaka 75 hawawezi kushika jembe la mtaro kwa ujira wowote, hivyo mpango unaotegemea ajira pekee huwaacha nje watu wanaostahili kuliko wote. Mtaalamu anatakiwa kuziona pande zote mbili, kisha aseme ni gharama ipi inavumilika na ipi haivumiliki.

Hapo ndipo ulipo mjadala mkubwa kuliko yote katika fani hii: kumchagua maskini, au kumpa kila mtu wa kundi fulani. TASAF huchuja kwa hatua: kwanza eneo, kisha mkutano wa kijiji unataja kaya, kisha taarifa za nyumba, mali na elimu zinapitishwa kwenye fomula. Zanzibar, kwa upande wa wazee, ilichukua njia nyingine. Tangu Aprili 2016 Pensheni Jamii ilimlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, awe tajiri au maskini, na kiwango cha kuanzia kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, fedha za serikali yenyewe. Kenya nayo, ndani ya mpango wa Inua Jamii, ilifungua mlango mwaka 2018 kwa wazee wote wa miaka 70 na kuendelea ambao hawana pensheni nyingine, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi.

Kuchuja kunaokoa fedha lakini kunazaa makosa ya aina mbili: kumwacha anayestahili na kumwingiza asiyestahili. Watu wa siasa na magazeti hulipigia kelele kosa la pili, kwa sababu mwenye bati jipya anayepokea ruzuku huonekana. Kosa la kwanza halionekani; mjane aliyeachwa hana anayemwandika. Mtaalamu wa kweli hupima yote mawili, na kwa uzito wa athari zake, kosa la kumwacha mtu na njaa ni baya zaidi. Utoaji kwa wote una makosa machache lakini bili yake ni kubwa, na kwa kundi kama la wazee, ambalo ni dogo na umri wake si mgumu sana kuthibitisha, bili hiyo inalipika. Kwa kaya nzima za nchi yenye watu zaidi ya milioni 61, kwa sensa ya Tanzania ya mwaka 2022, bado haijalipika.

Kuhusu masomo, hakuna shahada moja inayomiliki kazi hii. Watu wameifikia kupitia uchumi, takwimu, sosholojia, maendeleo ya jamii, sheria na utawala wa umma. Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Mzumbe hufundisha uchumi na utawala. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kilichopo Dodoma kimelea maofisa mipango wengi wa halmashauri. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ipo Kijitonyama, na Tengeru ipo taasisi ya maendeleo ya jamii. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichopo Dar es Salaam, hufundisha wanafunzi wa nchi nyingi za kanda. La muhimu ni kuziba pengo. Aliyesoma sosholojia atafute kozi za takwimu na asizikimbie. Aliyesoma uchumi akae na watu wa ustawi wa jamii hadi ajue jinsi ndoa, urithi na ugonjwa vinavyohamisha mali ndani ya familia. Programu kama Excel, Stata na R hujifunzwa kwa miezi michache. Kujua ni swali gani la kuiuliza programu huchukua miaka.

Zoezi la kwanza la takwimu ambalo kila mwanafunzi angepaswa kulifanya ni kuukokotoa upya mstari wa umaskini. Katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, mstari wa mahitaji ya msingi kwa Tanzania Bara ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja, na mstari wa chakula shilingi 33,748. Asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini ya mstari wa kwanza na asilimia 8.0 chini ya wa pili. Ukigawa 49,320 kwa siku 30, unapata kama shilingi 1,640 kwa siku. Humo ndani mna unga, maharage, mafuta ya kula, kuni au mkaa, sabuni, nguo, dawa na daftari la mtoto. Mwanafunzi achukue kiasi hicho aende nacho sokoni, akizingatia bei zimepanda tangu wakati ule, aone kinanunua nini. Baada ya hapo hataandika tena kwamba aliye juu ya mstari kwa shilingi 50 si maskini. Kaya nyingi zimesongamana karibu na mstari huo, na mgonjwa mmoja wa kulazwa anatosha kuzishusha.

Tena kipimo hutegemea dodoso. Jaribio lililofanyika Tanzania kwa kaya 4,000, zikigawanywa kwa madodoso ya aina 8, lilionyesha kwamba kiwango cha umaskini hupanda au kushuka kwa tofauti kubwa kutokana na namna ya kuuliza tu: kwa kumbukumbu ya wiki, kwa kumbukumbu ya mwezi, kwa orodha ndefu ya vyakula au fupi, au kwa daftari la kila siku. Anayelinganisha takwimu za miaka miwili bila kusoma madodoso yake anaweza kusherehekea maendeleo ambayo hayapo.

Kwa hiyo, ushauri wenye uzito kuliko mwingine wote ni kuanza kazi kama mdadisi wa utafiti wa kaya, mwenye kishikwambi mkononi na vumbi miguuni. Kazi hizo hutangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, vyuo na taasisi za utafiti. Malipo ni ya muda na si makubwa, lakini shule yake haina mbadala. Jambo la kwanza ambalo mdadisi hujifunza ni kwamba swali la kipato cha mwezi halina jibu katika kaya nyingi. Mama lishe anayepika jirani na eneo la ujenzi huchukua mchele na mafuta dukani asubuhi kwa mkopo na kulipa jioni. Mafundi hula kwa daftari na kulipa Jumamosi, msimamizi wao akiwalipa. Jumapili mama huyo anapeleka hisa ya kikoba, na zamu ya upatu ikifika ndipo anapolipa kodi ya chumba. Fedha inayopita mikononi mwake kwa siku ni nyingi mara kadhaa kuliko faida inayobaki. Ukimwandikia mauzo kama kipato, fomula itasema hastahili. Ukimuuliza alichonunua kwa siku saba zilizopita, kitu kwa kitu, atakueleza kwa usahihi unaoshangaza.

Mzunguko huo wa fedha ndio unaoamua kama mpango utafaa. Ruzuku inayolipwa kila baada ya miezi miwili ni msaada mkubwa ikifika kwa tarehe inayojulikana, kwa sababu mwenye duka atamkopesha mlengwa akijua lini atalipwa. Ikichelewa wiki tano bila taarifa, inageuka deni. Ikifika Februari wakati shule zilifunguliwa Januari, sare imeshanunuliwa kwa kuuza kuku waliokuwa wanataga. Hakuna ripoti ya makao makuu inayoonyesha kuku hao. Mdadisi makini huwaona.

Mkutano wa kijiji ni darasa lingine. Anayetaka kujua uchujaji wa walengwa aketi chini ya mwembe tangu mwenyekiti anapofungua kikao hadi kinapofungwa, bila kuondoka baada ya picha. Atazame nani anasema na nani hasemi, ni majina ya vitongoji gani yanatajwa kwanza, ni ya wapi yanasahauliwa. Aliyehamia juzi hana wa kumtetea. Mtu mwenye ugomvi na mjumbe huachwa. Na maskini kuliko wote mara nyingi hayupo mkutanoni kabisa: yuko shambani kwa mtu akilima kibarua cha siku hiyo, au anauguza. Suluhisho lake si gumu. Kikao kifanyike saa za jioni, orodha ibandikwe mahali pa wazi kwa siku kadhaa, na pawepo njia ya kukata rufaa isiyopita kwa mtu yuleyule aliyekuacha. Mapendekezo ya namna hiyo, yenye gharama ndogo, ndiyo yanayojenga jina la mtaalamu.

Funzo lingine hutokana na kufuatilia kaya zilezile kwa miaka. Utafiti ulioanza Kagera mwaka 1991 kwa kaya zaidi ya 900 uliwatafuta watu walewale tena mwaka 2004 na 2010, hata waliohamia Mwanza, Dar es Salaam na Uganda. Waliohama walikuza matumizi yao kwa kiwango kikubwa kuliko ndugu zao waliobaki: tofauti ya pointi 36 za asilimia kati ya 1991 na 2004. Sera nyingi za vijijini zimeandikwa kana kwamba kuhama ni balaa la kuzuiwa. Ushahidi wa Kagera unataka mtaalamu aangalie pia nauli, vitambulisho, makazi ya wageni mijini na njia za kutuma fedha nyumbani.

Baada ya kaya, linakuja suala la bajeti, na hapa wataalamu wengi wazuri hushindwa. Mwaka wa fedha wa serikali, Tanzania na Kenya, huanza tarehe 1 Julai. Tanzania, mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutolewa miezi kadhaa kabla, halmashauri huanzia vijijini na mitaani kukusanya vipaumbele, wizara hukaa na Hazina, na Bunge hukutana Dodoma kati ya Aprili na Juni. Hoja nzuri inayoletwa Mei imechelewa mwaka mzima. Mtaalamu awe na kalenda hiyo ukutani na apeleke andiko lake wakati makadirio bado ni rasimu. Ajue pia hesabu yake kwa kichwa: kuongeza shilingi 1,000 tu kwa mwezi kwa kaya milioni 1 ni shilingi bilioni 12 kwa mwaka, kabla ya gharama za kuzifikisha. Asiyeweza kusema hizo bilioni 12 zitatoka wapi atasikilizwa kwa heshima na kusahaulika.

Asome na sheria. Halmashauri za Tanzania hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024. Kwa anayejali kaya za chini kabisa, swali ni nani anaweza kutimiza masharti ya kikundi kilichosajiliwa, akaunti ya benki na andiko la mradi. Mara nyingi anayetimiza ni yule aliye hatua mbili juu ya maskini wa mwisho. Hilo halifanyi mikopo iwe mibaya. Linamaanisha isihesabiwe kuwa mpango wa kunusuru kaya maskini.

Uandishi ndio chombo cha kazi cha kila siku. Katibu mkuu wa wizara hana nafasi ya kusoma kurasa 90. Andiko la sera liwe kurasa mbili au tatu: pendekezo katika aya ya kwanza, sababu, gharama, njia mbadala zilizofikiriwa na kwa nini zimeachwa, na nani atekeleze nini kwa tarehe ipi. Ripoti ndefu iwepo nyuma yake kwa atakayetaka ushahidi. Nyaraka nyingi za kitaalamu na za wafadhili huandikwa kwa Kiingereza, lakini Bunge la Tanzania hujadili kwa Kiswahili na kijiji huamua kwa Kiswahili. Anayeweza kueleza fomula ya uchujaji kwa Kiswahili chepesi, mbele ya baraza la madiwani, ana faida kubwa kuliko mwenye shahada ya pili asiyeweza.

Ajiandae kujibu hoja mbili ambazo hazikosekani mezani. Ya kwanza husema maskini akipewa fedha atanywea pombe. Mapitio ya tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali, yaliyochapishwa mwaka 2017, hayakuona ongezeko la matumizi ya pombe na tumbaku kwa waliopokea ruzuku. Ya pili husema fedha zitapandisha bei. Katika kaunti ya Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya kwa zaidi ya kaya 10,000, na watafiti wakapima uchumi wa vijiji 653. Bei zilipanda kwa kama asilimia 0.1 tu, huku majirani wasiopokea kitu nao wakinufaika kwa sababu fedha ilizunguka. Majibu haya yatolewe kwa upole na kwa mipaka yake. Siaya ina masoko mengi yaliyo karibu. Kijiji kisichofikika masika huenda kingetoa jibu jingine.

Milango ya kuingilia ni mingi, na si yote inayong'aa. Halmashauri huajiri maofisa ustawi wa jamii, maofisa maendeleo ya jamii na wachumi, kupitia Sekretarieti ya Ajira. Miaka mitatu au minne huko, ukisimamia malipo na kupokea malalamiko, ina thamani kuliko miaka hiyohiyo katika ofisi ya mradi mjini. TASAF na Ofisi ya Taifa ya Takwimu zina idara za utafiti na tathmini. Taasisi kama REPOA na ESRF za Dar es Salaam huajiri watafiti wasaidizi. Nairobi, taasisi ya utafiti wa sera ya KIPPRA huendesha mpango wa wataalamu vijana unaowafundisha uchambuzi wa sera kwa vitendo. UNICEF, ILO na Benki ya Dunia huajiri wenye uzoefu, mara nyingi kwa mikataba mifupi, hivyo anayeingia huko aweke akiba na asijenge maisha yake juu ya mkataba wa miezi 11. Ushauri elekezi unalipa vizuri, lakini hadidu za rejea wakati mwingine huandikwa na mtu ambaye tayari anajua jibu analolitaka.

Hapo ndipo maadili yanapopimwa. Jina la mtaalamu hujengwa kwa ripoti zilizosema mpango umeshindwa uliposhindwa. Matokeo mabaya yaandikwe kwa lugha ya staha, pamoja na njia ya kurekebisha, lakini yaandikwe. Vibali vifuatwe: Tanzania, kibali cha utafiti hutolewa na tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH. Taarifa za kaya ni amana, na zinalindwa na sheria: ya Kenya ya mwaka 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022. Hata bila sheria, mtu aliyekuonyesha debe lake tupu la unga hakukupa ruhusa ya kumtaja kwenye semina. Mdadisi asimwahidi mtu msaada ili apate majibu. Kijiji kilichodanganywa mara moja kitamdanganya kila atakayefuata. Na picha za watoto wenye kamasi zisipambe jalada la ripoti.

Kazi hii huchosha kwa sababu matunda yake huchelewa, na mengine huvunwa na wengine. Sera iliyopendekezwa leo inaweza kupitishwa baada ya miaka sita, ikiwa imekatwa nusu, bila jina la aliyeiandika. Wanaodumu ni wale wanaorudi kijijini au mtaani angalau mara moja kwa mwaka, hata baada ya kupanda cheo, na wale wenye wenzao wa kusomeana rasimu bila kuoneana aibu.

Asiyekuwa na ajira bado anaweza kuanza. Data za utafiti wa kufuatilia kaya Tanzania, unaoendeshwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu tangu mwaka 2008, hupatikana bila malipo kwa anayejisajili mtandaoni, pamoja na madodoso yake. Achague swali moja la mkoa anaoufahamu, kwa mfano kaya zinazoongozwa na wanawake hutumia kiasi gani kwa matibabu, afanye hesabu, aandike kurasa mbili kwa Kiswahili, na azipeleke kwa mchumi wa halmashauri yake kabla rasimu ya bajeti haijafungwa.